Katoni Sita za Kuziba Pengo

Nilikuwa na siku tano za kujifunza kusoma upya, la sivyo nipewe ufagio. Kampuni ilibandika tangazo ukutani: asiyefaulu mafunzo ya mizigo ya hatari asiguse tena kontena linalopanda meli. Nimepakia makontena miaka ishirini na mbili. Shule niliacha darasa la tano. Kusoma nasoma, lakini kwa kidole, neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele.

Mkufunzi alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, buti zake zimechubuka kuliko zangu. Hilo nililipenda. Vijana wa forklifti waliniuliza nimekuja kusoma au kusindikiza. Mmoja akasema nikifika swali la pili wao watakuwa wameshakunywa chai. Nikamwambia yangu aifunike na sahani, isipoe.

Siku ya tatu mkufunzi alitutoa nje, nyuma ya yadi. Akaweka kwenye kifuniko cha kopo vijiko viwili vya klorini, ule unga mweupe wa kusafishia mabwawa ya kuogelea, akaudondoshea mafuta ya breki. Akarudi nyuma, akatazama saa. Tukasubiri. Vijana wakaanza kucheka, wakamuuliza kama kiberiti amekisahau nyumbani. Yeye akaendelea kutazama saa. Mara unga ukafuka moshi, ukachemka, na moto ukaruka juu kama umetumwa. Vijana wakaruka nyuma.

"Klorini ina lebo, mnaiona," akasema. "Mafuta haya mara nyingi hayana lebo ya hatari. Ukitafuta lebo tu, yatakupita. Soma orodha ya mzigo, mstari kwa mstari, kabla hujafunga mlango."

Kila jioni mke wangu, aliyefika kidato cha nne, alinikalisha mezani na makaratasi. Nikikosea ananigonga vidole kwa mwiko. Tumeoana miaka kumi na tisa, ila sijawahi kumwogopa kama wiki ile.

Ijumaa asubuhi tukafanya maswali arobaini. Nilikuwa wa mwisho kutoka, shati limelowa mgongoni. Mchana ikawa vitendo. Mkufunzi alichagua kontena la klorini lililokuwa tayari kwenda melini, limefungwa, sili ya chuma yenye namba imepigwa mlangoni, karatasi zimesainiwa na msimamizi wa yadi. Msimamizi huyo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ndiye aliyeniingiza kazini, hata kabla sijamwoa dada yake. Swali lilikuwa moja: kontena hili lisafiri au lisisafiri? Kila mtu akapewa nakala ya karatasi na robo saa.

Vijana walilizunguka mbio. Lebo pande zote nne, sawa. Namba ya sili, sawa. Wakasaini kwamba lisafiri. Mimi bado nilikuwa kwenye orodha, kidole kinatambaa. Mapipa ya klorini, mia moja na themanini. Mbao. Kamba. Mstari wa kumi na moja: katoni sita, mafuta ya breki.

Sisi wapakiaji tuna desturi. Pengo likibaki mlangoni, huliachi hivi hivi, maana mzigo utatembea baharini. Unachukua katoni za mteja huyohuyo zilizokosa nafasi, unazishindilia pale. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na aliyenifundisha ni shemeji.

Shemeji alikuwa karibu, akaona kidole changu kimesimama. Akanivuta pembeni, akasema meli inaacha kupokea mizigo saa kumi, katoni ni nzima, hazivuji. Akanikumbusha nani alinileta pale nikiwa na suruali moja.

"Saini, shemeji," akasema. "Haya tutayamaliza nyumbani."

"Wale wa melini hawana mlango wa kukimbilia," nikamjibu. "Fungua."

Nikampelekea mkufunzi ile karatasi, kidole juu ya mstari. Akausoma mara mbili. Yeye alichagua kontena lile kama mfano wa kazi nzuri. Akaagiza mkasi wa chuma, sili ikakatwa, mlango ukavutwa. Katoni sita zilikuwa zimeshindiliwa kwenye mapipa. Ya chini ilikuwa imelowa, na mafuta yamechora mstari sakafuni. Kati ya mstari ule na pipa la karibu, kiganja changu kilienea. Kidole kingine kisingepata nafasi.

Walionitania wiki nzima wakaja kusaidia. Tukatoa katoni moja moja, taratibu, kama tunabeba mayai. Tukafungua makontena mengine matatu ya mteja yule; yote yalikuwa na pengo lililozibwa vilevile. Mkufunzi akatangaza mbele ya yadi nzima kwamba nimefaulu, maswali thelathini na matatu kati ya arobaini, na kwamba vitendo nimefaulu peke yangu. Kijana wa chai ndiye aliyeanza kupiga makofi. Kisha wakaninyanyua, mtu mzima wa kilo tisini, wakanipeleka juujuu hadi kantini, nami nawatukana njia nzima kwa furaha.

Gharama yake ni hii. Makontena manne yaliachwa na meli. Siku mbili za kupakua na kupakia upya. Vijana saba walirudia mafunzo. Shemeji alivuliwa usimamizi alioushika miaka kumi na minne. Mke wangu alininyamazia siku tisa. Shemeji hajakanyaga kwangu, huu ni mwezi wa nane tangu siku ile.