Sala ya Kushtakiana

Mama mkwe wangu alikuwa hanisemeshi, lakini hakuna siku aliyokosa kunisema. Alinisema kwa Mungu. Tukikaa mezani anafumba macho, anakunja mikono, kisha anaanza: "Bwana, unamwona huyu aliyeunguza mboga tena. Bwana, mwonye mtu anayeacha taa ya choo inawaka kana kwamba umeme unashuka bure kutoka mbinguni." Ningemjibu vipi? Ukimkatiza mtu aliye katikati ya sala, wewe ndiye unayeonekana huna adabu. Nilimeza hasira pamoja na chakula, nikasema amina.

Tulinuniana tangu siku tuliyomzika mwanawe, mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma aliyetoka asubuhi akiwa mzima, moyo ukamsimama kazini. Pale makaburini mama aliyatazama macho yangu makavu, akauliza mbele za watu, "Hivi wewe umefiwa au umesindikiza?" Nikamwambia asinifundishe kulia. Maneno kati yetu yakakatikia hapo.

Ukweli ni kwamba nilikuwa mtupu. Kutwa nzima nilipiga pasi mashati ya watu kwa dobi, nikarudi, nikala, nikalala. Kuomba sikuweza. Nilipiga magoti, nikaona kama nabisha hodi kwenye nyumba ambayo watu wameshahama. Wakaja akina mama wa kanisani na tabasamu zao, wakaniambia nifurahi katika Bwana. Niliwachukia mpaka viatu vyao pale mlangoni.

Mama alipogundua kwamba siombi, alikata shauri. "Bwana," alisema mezani, "katika nyumba hii kila mtu anaomba. Asiyeomba arudi kwao. Jumamosi mwanangu mdogo atakuja na gari." Hivyo ndivyo nilivyopewa notisi. Kwetu alibaki kaka yangu tu, na mkewe hataki hata kuniona. Kitanda chetu, dirisha ambalo mume wangu alilichomelea kwa mikono yake, kila kilichobaki cha maisha yetu kilikuwa humo ndani. Ningeweza kuigiza. Kuombea chakula hakumshindi mtu. Lakini sikuwa tayari kumdanganya Mungu ili nipate pa kulala.

Jumamosi shemeji akaja, akapakia masanduku yangu bila kunitazama usoni. Ni mtu mpole, na anamwogopa mama yake kupita kiasi. Tukakaa kula chakula cha mchana, cha mwisho. Hapo shemeji, kwa kutafuta amani, akachokoza nyuki.

"Shemeji, tuombee basi. Sala ya kuagana."

Mama akaguna. Ule mguno ndio ulionipandisha mori.

"Mungu," nikaanza, na sikufumba macho, "sina kitu. Sina hata hamu ya kukuita Baba. Umenichukulia mtu wangu, ukaniachia huyu. Kila siku ananishtaki kwako, nami nimenyamaza nikidhani uko upande wake. Leo sikiliza na upande wangu. Mboga anaunguza yeye. Anasinzia jikoni."

"Bwana, huo ni uongo!" Mama alikuwa bado kafumba macho.

"Bwana, mwulize jana nani aliamshwa na moshi."

"Bwana, nilikuwa natafakari!"

Shemeji akakohoa kikohozi cha kubuni. Mimi sikuwa nimemaliza.

"Na mwambie namsikia anavyojifungia bafuni, anafungulia maji ili nisisikie kilio chake. Kila alfajiri. Maji yanaisha, mimi naenda kazini sijaoga."

Nilipoyasema hayo nilijua nimevuka mpaka. Nikangoja matusi, na nilistahili.

"Bwana," mama alisema, sauti imemshuka, "mwambie na yeye alie basi. Nimechoka kumlilia mwanangu peke yangu. Nikiyaona hayo macho yake makavu, naona kama nilizaa mtu ambaye hakupendwa."

Nilitaka kumjibu. Nilifungua mdomo, kikatoka kicheko, kwa sababu ya ule moshi na kule kutafakari kwake. Kisha kicheko kikageuka kilio, nikalia kwa sauti juu ya sahani, kamasi na yote. Na ndani ya kilio kile, sijui nieleze vipi, nilifurahi. Haikuwa furaha ya wale akina mama wa tabasamu. Utupu ulikuwa palepale na mume wangu hakurudi. Lakini nilijua, kama unavyojua kwamba mtu ameingia chumbani ingawa umeupa mlango mgongo, kuwa Mungu alikuwepo mezani. Alikuwa amenisikiliza mpaka mwisho, pamoja na ukali wangu wote, na hakuondoka.

Shemeji alikuwa bado ameinamisha kichwa, chakula kinapoa mbele yake.

"Amina?" aliuliza kwa woga.

"Amina ya nini?" nikamfokea. "Sijamaliza. Nina mengi ya kumwambia."

Mama akafumbua macho. Alinitazama, bado amekunja uso, mashavu yake yameloa kama yangu.

"Mwambie," alisema, na alikuwa ananiambia mimi. Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe nenda kashushe masanduku. Sala hii ni ndefu."