Mfuko wa Moyo, Mfuko wa Figo

Baba yao alikuwa amegawanywa. Moyo wake alipewa mtoto wa kwanza, figo zake akapewa binti, na mgawanyo huo aliufanya mzee mwenyewe, akiwa ameketi kitandani na miguu iliyovimba mpaka soksi zikawa zinaacha alama ya mfereji. Hakuona njia nyingine. Tangu msiba wa mama yao watoto hao wawili walikuwa hawasemezani. Kaka alitamka mbele ya waombolezaji kwamba mama alicheleweshwa kupelekwa hospitali, na aliyekuwa akimuuguza mama ni dada yake. Dada akaapa kimoyomoyo kwamba hatakuwa wa kwanza kumtafuta. Mwaka ukaisha, wa pili ukaanza.

Basi kila baada ya wiki nne, Jumanne, kaka, aliyekuwa mwalimu wa udereva, alikuja kumpeleka mzee kliniki ya moyo. Alhamisi ya wiki hiyohiyo binti, ambaye aliishi na baba na kushonea watu nguo palepale sebuleni, alifunika cherehani na kumpeleka kliniki ya figo, jengo linalotazamana na lile la moyo. Dawa za moyo zilikaa kwenye mfuko mweusi wa plastiki. Za figo zilikaa kwenye mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe kwa mabaki ya sare za shule. Mifuko yote miwili ilining'inia kwenye misumari juu ya kitanda, na kaka aliacha maagizo yake kwenye kikaratasi: kimoja asubuhi, maji yasizidi vikombe vinne. Binti alikitii kikaratasi bila kumwuliza mwandishi wake neno.

"Mmenigawana kama kiwanja nami bado napumua," mzee alimwambia siku moja. "Na mapafu bado hayana mwenyewe. Niwape majirani?"

Alikuwa mwashi maisha yake yote, mtu aliyezoea kuwatania wenzake akiwa juu ya ngazi. Binti alicheka kidogo, akarudi kwenye kazi. Alikuwa na uchovu ule ambao usingizi hauupunguzi. Asubuhi kumwosha mzee, kubadili shuka, kupima mkojo kwenye jagi la plastiki lenye mistari na kuandika daftarini, kupika chakula kisicho na chumvi ambacho mzee alikitafuna kama mtu aliyeadhibiwa, kisha kushona mpaka macho yakawasha. Jumanne gari la kaka lilipopiga honi, alikanyaga pedeli kwa nguvu ili mlio wa cherehani ujaze chumba, na wanaume wawili wakapita nyuma ya mgongo wake.

Ndipo daktari wa figo alipoongeza kidonge cha njano. Alisema ni cha kutoa maji mwilini, na akauliza kule kwenye moyo mzee anapewa nini. Binti akajibu kwamba hajui majina, mfuko ule hakuubeba. Kwa kweli hakuwahi kuubeba. Kila asubuhi aliingiza mkono, akatoa kidonge, akauacha palepale msumarini, kwa sababu ulikuwa mfuko wa mtu mwingine. Daktari akamwambia safari ijayo aje nao.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha. Miguu ya mzee ilinywea hata mifupa ya vifundo ikaonekana, na usiku aliweza kulala bila kuegemezwa mito mitatu. Wiki ya pili jagi lilijaa mara mbili kwa siku. Wiki ya tatu halikufika hata mstari wa kwanza. Midomo ya mzee ikakauka, akawa akisimama anashika ukuta, na mara mbili alimwita binti yake kama alivyokuwa akimwita mkewe. Binti alichukua simu, akaitafuta namba ya kaka, akaiweka simu chini. Alifanya hivyo mara tatu katika wiki moja. Alijiambia kwamba Jumanne si mbali.

Jumatatu, saa nne asubuhi, mzee alianguka kati ya kitanda na mlango.

Wodini daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye inaelekea hakuwa ameketi tangu alfajiri. Aliomba dawa zote. Safari hii binti alikuwa ameinyakua mifuko yote miwili, na daktari akaimwaga kitandani karibu na miguu ya mzee. Akachambua. Akashika pakiti moja nyeupe na moja ya njano, akasoma maandishi madogo ya nyuma, akaziweka pamoja.

"Hizi ni dawa moja," alisema. "Ila zimetoka viwanda tofauti. Nani anampa?"

"Mimi."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Kila asubuhi."

Daktari hakufoka. Alivuta kiti, akaeleza taratibu kama mtu aliyeeleza mara nyingi. Moyo ukichoka, damu haisukumwi vizuri mpaka kwenye figo. Figo hazijui kwamba moyo umechoka. Zinaona damu imepungua, zinadhani mwili umekaukiwa, basi zinashikilia maji. Maji yanashuka miguuni, yanajaa tumboni mpaka hamu ya kula inakwisha, yanaingia mapafuni mtu akashindwa kulala chali. Dawa inazilazimisha figo kuyaachia. Ikizidi, mishipa inapwaya, moyo unakimbia huku hauna cha kutosha kusukuma, figo zinakosa damu ya kuchuja, na ubongo nao unaanza kuchanganya watu.

"Hakuna kilichokosea mle ndani," alisema. "Kila kimoja kilifuata habari iliyokifikia."

Binti akauliza kama figo zitarudi. Daktari akasema dawa zimesimamishwa na maji yanarudishwa kidogo kidogo. Zikiamka, itakuwa kesho au keshokutwa. Zisipoamka, hatamficha.

Binti akatoka koridoni, akasimama karibu na beseni la kunawia, akampigia kaka. Upande wa pili ulipokea mara moja.

"Kaka, ni mimi. Baba amelazwa. Nimekuwa nikimpa dawa moja mara mbili."

Kaka alifika na gari la shule ya udereva, mwanafunzi wake akiwa kwenye usukani, mama mmoja mnene aliyeloa jasho kwa kuhimizwa mbio na mwalimu aliyemkataza mbio mwezi mzima. Binti alikuwa amejiandaa. Alijua maneno yatakayokuja, maana alishayasikia mbele ya watu. Alimweleza yote aliyoambiwa na daktari, hakujipunguzia.

Kaka alikaa kwenye benchi. Alizigeuzageuza funguo mkononi.

"Waliniuliza," alisema mwishowe. "Kule kwenye moyo. Ana dawa nyingine? Nikasema hana. Niliona aibu kusema sijui, dada yangu yuko chumba cha pili na siwezi kumwuliza." Akaziweka funguo benchini. "Na lile la mama, siku ile…"

"Si leo, kaka. Leo sina nguvu."

Akaitikia kwa kichwa.

Figo ziliamka siku ya tatu, ila si kwa nguvu zote. Mzee alirudi nyumbani, akaishi wiki kumi na moja, na hakuna daktari aliyeweza kumwambia binti kama bila kosa lile zingekuwa miezi au miaka. Swali hilo analo mpaka sasa. Lakini anapoikumbuka siku ile ya kulazwa huikumbuka zaidi alasiri yake, walipoingia wodini pamoja wakasimama kila mmoja upande wake wa kitanda. Mzee alifumbua macho, akaomba maji. Kaka akachukua kikombe na kijiko, kisha mkono ukasita hewani. Akamtazama dada yake usoni.

"Kiasi gani?" aliuliza.

Naye akamwambia.