Miguu ya Mjomba Ang Temba

Kileleni walifika salama, na mpaka hapo Yangji alijua hajakosea kitu. Kamba aliifunga inavyotakiwa, mikanda aliikagua, na kila mteja wake alipohema sana alipunguza mwendo kabla hajaombwa.

Mteja mwenyewe hakuwa mteja. Alikuwa Mjomba Ang Temba, mtahini, mtu wa kijijini kwao Thame, aliyekwisha kupanda milima mikubwa hata baridi ikamla ncha ya pua. Lakini tangu walipotoka hemani asubuhi ile, sharti lilikuwa moja: leo yeye ni mgeni wa kutoka mbali asiyejua lolote, na kiongozi ni Yangji. Binti akipita, anapata leseni ya kuongoza watu milimani. Akishindwa, anarudi kwenye kubeba mizigo kwa mkanda wa kichwani, kazi aliyoianza alipomaliza shule ya msingi, na ambayo shingo yake ilikuwa imeanza kuichoka.

Na mgeni huyo alikuwa msumbufu hasa.

"Dada, mbona jua halijatoka? Mimi nimelipa."

"Linakuja, mheshimiwa. Nalo linapanda kwa miguu."

"Dada, choo kiko wapi?"

"Nyuma ya jiwe lile. Na kamba usiifungue, nitageuka niangalie kwingine."

Yangji aliuma mdomo asicheke. Alikuwa amewahudumia wageni wa kweli waliouliza mabaya kuliko hayo.

Wakaanza kushuka. Mgongo wa mlima ule ni mwembamba kama uti wa mbuzi aliyekonda. Upande wa kulia ni barafu tupu, inateleza mpaka bondeni. Upande wa kushoto upepo umejenga theluji ikatokeza nje, ikaning'inia hewani kama paa lisilo na ukuta. Ukiitazama kutoka juu utadhani ni sakafu. Katikati ya mgongo kuna jiwe la kahawia, na hapo ndipo kiongozi hufunga kamba yake. Wakati wa kushuka mteja hutangulia na kiongozi hufuata nyuma ameishika kamba fupi, kama mtu anayempeleka mbuzi sokoni.

Kabla tu ya kulifikia jiwe, Ang Temba akaketi. Pwaa! Akanyoosha miguu yake yote miwili, ikaziba njia kutoka ukingo hadi ukingo.

"Nimechoka," akasema. "Siendi. Niitieni helikopta."

Kazi ya Yangji ilikuwa rahisi kuisema: mruke, fika kwenye jiwe, funga kamba, kisha mbembeleze au mkaripie upendavyo. Mtu aliyekaa kwenye mgongo ule bila kufungwa popote ni mtu aliyekalia kaburi lake. Yangji alifundishwa hivyo, na alikubali kwa moyo wake wote.

Akaifikia ile miguu, akasimama.

Kwao Thame mtu haruki miguu ya mtu. Hata mtoto mchanga akilala mlangoni, utamzunguka. Mkubwa ndiyo usiseme; kumpitishia mkubwa nyayo zako ni sawa na kumtemea mate. Alipokuwa mdogo, mama yake, Mama Phuti, alimzungusha meko nzima na sufuria ya mchuzi unaochemka mkononi, ilhali mlango ulikuwa hatua moja tu, kwa sababu babu alikuwa ameota moto amenyoosha miguu. Vidole viliungua, na alipolia aliambiwa, "Vidole vitapona. Aibu haiponi."

"Samahani, mjomba," alisema, "hebu kunja miguu kidogo."

"Mjomba wa nani? Mimi mgeni. Na miguu imekufa ganzi."

Yangji hakuwaza tena. Mwili uliolelewa ulikwenda wenyewe. Akageuka kushoto, akamzunguka mkubwa wake kwa heshima, akakanyaga paa.

Theluji haikulia kwa kishindo. Ilikohoa tu. Halafu chini ya kiuno chake hapakuwa na kitu.

Ang Temba alikuwa ameshaona. Kabla theluji haijamaliza kukohoa alijitupa upande wa pili wa mgongo, juu ya barafu, ili uzito wake uwe nanga, na kuchimbia shoka lake la barafu. Kamba ikakaza ikalia kama uzi wa zeze. Yangji akabaki ananing'inia kwa makwapa kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe. Akatazama chini. Katikati ya viatu vyake, mbali, aliona ziwa dogo la kijani, na juu ya ziwa aliona kunguru akipita. Alikuwa hajawahi kuuona mgongo wa ndege arukaye.

Alipovutwa na kurudishwa njiani, meno yalikuwa yanagongana.

"Ulikuwa unaenda wapi kule?" Ang Temba aliuliza. Ugeni ulikuwa umemtoka.

"Napita, mjomba."

"Unapita wapi? Njia si iko hapa!"

"Miguu yako…"

"Miguu yangu ina nini?"

"Siwezi kuiruka. Wewe ni mkubwa wangu."

Mzee akajifuta theluji ndevuni. "Kwa hiyo ulitaka niende kwa Phuti nikamwambie, binti yako amekufa, lakini amekufa na adabu zake zote?"

Yangji akakung'uta theluji makwapani.

"Hata mimi kwangu anayeniruka namtoa jikoni kwa kijiti. Ila hapa si jikoni." Akarudi palepale, akakaa, akanyoosha miguu. "Haya. Jaribu tena."

Yangji aliinua mguu, ukarudi. Akauinua tena, meno ya chuma ya kiatu yakang'aa juu ya magoti ya mzee, ukarudi. Mara ya tatu machozi yalikuja kabla ya mguu. Ang Temba akakunja magoti yake mwenyewe, taratibu, akatikisa kichwa.

"Pita," akasema.

Hukumu aliitoa hemani, wakinywa chai ya chumvi. "Kamba, nakupa. Kusoma hali ya hewa, nakupa. Kuvumilia wajinga, nakupa na nyongeza. Mgongo, sikupi. Utarudi masika, theluji ikishikana. Ukiniruka, leseni yako. Usiponiruka, usije kunisumbua tena, kuna viazi vya kulima."

Nyumbani Mama Phuti alikuwa anamenya viazi karibu na meko. Kaka yake Yangji, Gyalzen, alikuwa ameshaupata umbea njiani, na umbea haumkai mdomoni.

"Umepita?" mama aliuliza.

"Nimebakiza kitu kimoja."

"Kipi?"

"Wewe!" Gyalzen akadakia. "Ameshindwa kwa sababu yako, mama. Ameogopa kumruka Ang Temba, akaona afadhali aruke mlima."

Mama Phuti akaweka kisu chini. "Na huyo Ang Temba, mama yake alimfundisha nini? Kukaa njiani kama ng'ombe mgonjwa? Mimi mwanangu nimemlea. Kama leseni ni ya wasio na adabu, basi na wachukue wao!"

"Mama, hakukaa kwa utani," Yangji alisema. "Wageni hukaa hivyo kweli. Nikiwazunguka, nakufa mimi, na mgeni niliyemfunga kwenye kamba yangu naye anakufa." Akamweleza habari ya tundu. Akamweleza na kunguru, mgongo wake ulivyokuwa mweusi juu ya maji.

Mama alichukua kiazi kingine, akakimenya mpaka ganda likaisha, akaendelea kumenya. Kiazi kikawa kidogo kama jicho la mbuzi. Kisha akasukuma kapu kando na kunyoosha miguu yake katikati ya jiko.

"Ruka."

"Mama!"

"Ruka kabla sijabadili mawazo."

Yangji akaruka. Mama akafumba macho kama aliyepigwa kofi.

"Nimekusikia ukiomba radhi," akasema akiwa amefumba vilevile.

"Mdomo umezoea."

"Huko juu utaomba radhi upepo ukipiga? Rudia."

"Na mimi nimruke nani?" Gyalzen akauliza.

"Wewe jaribu uone kama utalala humu."

Ikawa ndiyo kazi ya majira yote ya baridi. Ila Mama Phuti aliweka sheria yake: Yangji aruke akiwa amevaa viatu vya mlimani tu. Akiwa pekupeku ni binti wa watu, azunguke. Mara mbili alisahau, na mara mbili aliupata mwiko wa ugali wa shayiri kwenye shavu la mguu.

Masika walirudi mlimani. Ang Temba alikuwa mgeni yuleyule msumbufu, na siku hii kero yake ilikuwa picha: mpige huku, mpige kule, mbona pua haionekani vizuri. Wakashuka hadi kwenye mgongo. Safari hii hakungoja wafike karibu na jiwe. Alikaa mapema, ghafla, pale njia inapobana zaidi.

Kabla makalio hayajatulia, Yangji alikuwa ameshampita kwa juu. Akafika kwenye jiwe, kamba ikalizunguka, fundo likakaa, ndipo akageuka.

"We binti!" mzee akafoka. "Hata hodi?"

"Simama, mheshimiwa. Wingu linakuja, tunashuka."

"Mimi nimechoka, nimelipa, na…"

"Umelipa ushushwe mzima. Simama."

Ang Temba alifungua mdomo aendelee na mchezo, kisha akageuza shingo. Kweli, nyuma yake wingu lilikuwa limeshakimeza kilele, na yeye hakuwa ameliona. Akainuka upesi, akajikung'uta theluji.

"Mguu upi kwanza, kiongozi?" akauliza, na hakuwa anaigiza.

"Wa kulia," Yangji akasema, na kuikaza kamba.