Kokwa Shingoni

Tik, tik, tik. Jogoo hajawika bado, na kucha za mume wangu Ejoku zinagonga kikombe cha bati. Macho yake yalizimika miaka sita iliyopita, na hivyo ndivyo anavyoniuliza niko wapi.

"Niko jikoni, mzee. Hatua nne, kisha mlango."

Akaja taratibu, akifuata sauti yangu. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Busia kuchukua majibu yangu ya hospitali. Kama wangenipasua shingo na sauti ikapotea, nani angemhesabia hatua?

Mambo yalianza kwa rafiki yangu Petronilla, kule Moding, tulipozunguka chungu cha ajono. Pombe hiyo ya wimbi tunainywa ya moto, kila mtu na mrija wake mrefu, tukitazamana. Ghafla Petronilla akaachia mrija.

"Wewe dada, umemeza kokwa? Kuna kitu shingoni. Kila ukimeza kinapanda, halafu kinashuka."

"Hiyo ni kiu," nikamjibu.

Watu wakacheka. Lakini wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani, amenishika mkono. "Enda upimwe. Nakuomba."

Mimi nikajitibu kwanza. Nilishasikia kwamba uvimbe wa shingo huletwa na kukosa chumvi, basi nikaitia kwa wingi katika kila kitu, hata uji. Wiki mbili Ejoku alikula bila neno, ila mtungi wa maji ulikuwa unaisha kila jioni. Nilipomuuliza, akasema, "Nilidhani ulimi wangu nao umeamua kufuata macho."

Kesho yake nilikuwa hospitalini.

Daktari Jamirah, binti mwenye sauti ya chini, alinipa glasi ya maji. "Meza nikuone, mama."

"Kwa mrija kinaonekana vizuri zaidi, daktari."

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akanipaka mafuta baridi shingoni na kuutazama uvimbe kwenye skrini. Mwisho akauchoma kwa sindano nyembamba, avute chembe za kupima. Kabla ya kunigusa alisugua viganja vyake vipate joto. Hilo sijalisahau. Habari ya chumvi nilipomwambia, alishika kichwa. "Mama! Hiki hakiyeyuki kwa chumvi. Utajipandishia presha bure."

Sasa, siku ya majibu, nilikuwa mbele yake tena, Ejoku kando yangu. Akafungua faili.

"Damu inasema tezi ya shingo inafanya kazi sawasawa. Na kwenye sindano hatukuona saratani. Hatukati, tutakiangalia tu. Kikikua, chakula kikikwama, au sauti ikianza kukwaruza, usingoje."

"Sauti inabaki?" Ejoku akauliza.

"Inabaki, mzee."

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kikombe chake. Tik, tik, tik.

"Niko hapa," nikasema. "Hakuna hata hatua moja."

Daktari akafunga faili lake.

"Mwaka ujao mrudi tupige picha nyingine," akasema. "Mje wote wawili. Na kikombe msikisahau."