Muhuri Uliotangulia Sahihi

Wakili yule alijulikana mtaa mzima kwa ugumu wake. Hata mumewe alipomletea hati ya kuthibitishwa, aliambiwa atafute wakili mwingine, maana yeye hagongi muhuri kwa watu wa nyumbani kwake. Ndiyo maana siku aliyoteleza, aliteleza vibaya.

Fundi saa wa chumba cha pili, jirani yake kwa miaka tisa, aliingia ofisini na kiapo cha shangazi yake, mkunga mstaafu. Fundi hakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa, na sasa alikihitaji. Shangazi ndiye aliyemzalisha mama yake fundi siku hiyo ya kuzaliwa, kwa hiyo ndiye wa kuapa.

"Miguu inamsumbua, hawezi kuzipanda ngazi hizi," fundi alisema. "Wewe gonga tu, wakili, atasaini nyumbani. Saa tisa ofisi ya vizazi wanafunga. Kweli mimi na wewe ni watu wa kutiliana shaka?"

Wakili akagonga. Akasaini chini ya maneno "ameapa na kutia sahihi mbele yangu". Fundi akashuka ngazi mbilimbili.

Wakili alipofungua daftari lake la viapo, kalamu ikagoma. Safu ya kwanza ilitaka namba ya kitambulisho cha aliyeapa, na yeye huyo mama hakumwona hata kivuli. Karatasi ile ikipokelewa na ofisi ya vizazi, ni uongo wenye jina lake, na kwa uongo wa namna hiyo mtu hunyang'anywa leseni. Miaka kumi na minne ya kazi iote nyasi kwa sababu ya kumwonea haya jirani! Akampigia fundi, simu ikaita weee, haikupokelewa. Anwani ya shangazi aliikumbuka kutoka kwenye kiapo, nyumba ya tatu nyuma ya zahanati. Akatia muhuri na daftari mkobani, akatoka mguu niponye.

Mlango ulikuwa wazi. Fundi alikaa kitini amenuna. Mkunga alikuwa ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, miwani puani, karatasi mapajani.

"Shikamoo, mama. Umeshasaini?" wakili aliuliza huku akihema.

"Marahaba. Kumbe ndiwe wakili mwenyewe! Nisaini vipi? Hapa pameandikwa nimeapa mbele yako, na mimi sijakuona. Miaka thelathini na mbili nimejaza daftari la wodi ya wazazi, mwanangu. Sikuandika mtoto wa kusimuliwa hata mmoja."

"Nimembembeleza mpaka basi," fundi alilalamika. "Muda unakwenda!"

"Na ulizaliwa hivyo hivyo. Hukumngoja hata mama yako afike kitandani."

Wakili alicheka mpaka machozi yakamlenga. Akaketi sakafuni.

"Umeniokoa, mama," alisema. "Kosa lilikuwa langu."

Akainakili ile karatasi upya kwa mkono, neno kwa neno, akaichana ya kwanza vipande vipande. Kisha akaomba kitambulisho. Mkunga akampa, halafu akanyoosha kiganja.

"Na chako."

Akakikagua bila haraka, picha na uso, uso na picha, fundi akitazama saa yake kama anayetaka kulia. Ndipo mkunga akainua mkono wa kulia, akaapa kwa sauti ya wodini, akatia sahihi.

"Haya," akasema, akiisogeza karatasi. "Sasa gonga."