Papa Aliyekuja Kupimwa

Katika klabu ya wavuvi wa burudani, kazi ya Mama Ndoo ilikuwa kuwapa kolekole pumzi. Kolekole akishavuliwa, alilazwa juu ya godoro lililoloweshwa, akapimwa urefu, akapigwa picha pamoja na aliyemnasa. Muda wote huo Mama Ndoo alimmiminia maji mdomoni ili yapite kwenye matamvua, mpaka apate nguvu za kurudishwa baharini. Kanuni zilikuwa kali. Samaki akikutwa na jeraha lolote zaidi ya tundu la ndoano, mvuvi aliondolewa mashindanoni.

Siku ya fainali, baada ya chakula cha mchana, papa chui mmoja alipanda ngazi za gati akijikokota kwa tumbo, akashika nafasi yake kwenye foleni. Alikuwa mrefu kuliko gari la mwenyekiti. Hakuwa na pezi hata moja. Yote yalikuwa yamekatwa kwa unadhifu, kama mkate unavyokatwa. Waliokuwa mbele yake walisogea kidogo ili asibaki juani.

Zamu yake ilipofika akasema, "Habari za mchana, mama. Na mimi nimekuja kupimwa."

"Nzuri, baba. Lala hapo," akajibu Mama Ndoo, akaanza kummiminia.

Mwenyekiti wa klabu alikuja mwenyewe. Akaeleza kwa upole kwamba godoro lile ni la kolekole, samaki mbishi kwenye ndoano, samaki wa heshima. Papa ana ukubwa tu.

"Kolekole ni mchezo, Mama Ndoo. Papa ni biashara."

Papa akataja meli iliyomkata mapezi na kumtupa majini akiwa hai. Mwenyekiti hakubisha, maana meli ilikuwa yake. Mama Ndoo naye aliijua. Mashine ya kuvutia nyavu ya meli hiyo ndiyo iliyomla mumewe mkono akiwa kazini humo, na nahodha akamshusha gatini na begi lake, meli ikarudi kazini kabla damu haijakauka. Tangu hapo mumewe alikuja klabuni kuomba kazi yoyote, hata ya kufagia, na kila mara aliambiwa asubiri kwenye saruji, kando ya choo.

"Kolekole akichubuka mnafukuza mtu," Mama Ndoo akasema. "Huyu kamalizwa mapezi yote. Mume wangu kaliwa mkono. Kafukuzwa nani?"

"Usichanganye mambo, mama. Watu wamekuja kufurahi."

Papa akaondolewa kwenye godoro, akaelekezwa kando ya choo. Mume wa Mama Ndoo alisogea akamwachia kivuli.

"Karibu, ndugu yangu. Mimi nimesubiri hapa mpaka nzi wananisalimia."

Jioni, vikombe vilipokwisha kutolewa, mwenyekiti alihutubia. Alisema bahari ni mama yetu, na hakuna kiumbe anayestahili kuumizwa kwa ajili ya tamaa ya binadamu. Alikuwa akiamini kila neno. Watu wakasimama, wakapiga makofi marefu.

Kando ya choo, wawili hawakupiga, kwa kuwa hawakuwa na vya kupigia. Mama Ndoo mikono alikuwa nayo yote miwili, ila ilikuwa kazini, ikimmiminia papa maji.