Uzi Mweupe

Mimi mdomo wangu hauna breki, ndiyo maana binti wa kaka yangu alinikalisha safu ya nyuma kabisa. "Shangazi, leo ukae kimya. Niahidi." Nikaahidi. Kamati ya maktaba ilikuwa inaamua kama riwaya yake itabaki kwenye rafu au itaondolewa, na mimi nani nimharibie?

Sisi tulikuja nchi hii na masanduku. Yeye kazaliwa hapa hapa, kasoma, kaandika kitabu kuhusu wanawake waliofua nguo za hoteli kubwa. Mheshimiwa diwani, aliyetaka kiondolewe, akawaka. "Uongo mtupu!" akasema pale mbele, tai imembana shingo. "Wageni wale walipokelewa vizuri, wakashukuru. Hawakuleta fujo hata siku moja. Yupo hapa aliyeona?"

Miaka thelathini tulikuwa tumefunga midomo, maana ambaye angesema angefukuzwa kazi, pengine na nchini. Nikatazama viatu vyangu.

Binti hakubishana. Akafungua kitabu, akasoma taratibu jinsi wanawake wa chumba cha kufulia, walioitwa kwa namba kama makabati, walivyoziba kwa mishono mikono ya makoti ya wahudumu asubuhi ya karamu kubwa. Makoti meusi arobaini! Wahudumu wanasukuma mikono, haitokei. Na katika kila mfuko kijikaratasi: Tuiteni kwa majina yetu. Ukumbi ukaanza kucheka chini chini. "Walishona," akasoma, "kwa uzi mweupe."

Jamani! Damu ilinipanda.

"Mweupe?" Nilishasimama. "Nani mwenye akili zake atashona koti jeusi kwa uzi mweupe? Si wangeona toka mlangoni! Tulitumia mweusi, mishono midogo midogo, na mimi peke yangu nilishona makoti kumi na moja!"

Wote wakanigeukia. "Wewe ni nani?" diwani akauliza.

Hapo ndipo nilipotambua nimefanya nini. Lakini basi tena. "Nilikuwa Namba Saba," nikasema.

Bibi mmoja mwenye fimbo akainuka upande wa dirisha. "Na mimi Namba Nne. Kumi na moja wapi, mwongo mkubwa wewe! Ulishona tisa!"

Watu walicheka mpaka mkutubi akavua miwani afute machozi. Kamati ikanyoosha mikono, kitabu kikabaki. Diwani alikuwa keshaondoka.

Nje nikamkumbatia binti. "Nisamehe, nimevunja ahadi. Lakini huo uzi urekebishe."

"Najua ulikuwa mweusi, shangazi. Koti moja liko kabatini kwako, mkono bado umeshonwa. Nililiona nikiwa na miaka tisa."

"Sasa mweupe wa nini?"

"Ningekuomba useme, ungekataa. Ila mtu akiiharibu kazi yako, hunyamazi hata kwa dawa."

Mtoto mjanja huyu! Nikamfinya shavu mpaka akapiga kelele, huku machozi ya furaha yananitoka.